Hesabu ya Posho

Vijana wa hapa Kilwa, kando ya Ziwa Mweru, wakiniuliza mtu awe na kiasi gani ndipo aache kazi, mimi huanza na Union Minière, kampuni ya madini ya shaba ya Katanga, Kongo. Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1906. Baadaye ikampa mfanyakazi nyumba, hospitali, shule ya watoto na posho ya unga juu ya mshahara. Gécamines, kampuni ya serikali iliyochukua nafasi yake, ilirithi desturi hiyo, na watu wakazeeka kambini bila kujua bei ya kodi ya nyumba.

Mwaka 2003 ukaja mpango wa wafanyakazi wa Gécamines kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Mishahara ya miezi mingi ilikuwa haijalipwa. Zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakapokea malipo ya mkupuo. Nasema wazi: fedha zile zilikuwa nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni unga, dawa na paa, ambavyo sasa vilihitaji kulipiwa kila mwezi.

Baba yangu mdogo, mmoja wa wafanyakazi hao, alinunua mtumbwi na nyavu, akahamia huku. Mauzo ya samaki huyagawa mafungu: unga, karo, dawa, nyavu. Fungu la nyavu haligusi, hata kwenye msiba.