Mama Hamkatai Mtoto

Sisi sote tulikaa tumboni mwa mama. Lakini nusu ya urithi wetu ilitoka kwa baba, nayo ni ngeni mwilini mwa mama. Mbona hakutukataa?

Mwaka 1953 mtaalamu Peter Medawar wa Uingereza aliuliza neno hilo. Alijua ya kuwa ngozi ya mtu ikibandikwa kwa mwingine, askari wa mwili huishambulia hata ikaanguka. Alidhani labda kondo la nyuma ni ukuta, au alama za mtoto hazijakomaa, au askari wa mama wamelegea.

Wataalamu waliofuata waliona kwamba askari hao hawalali. Chembe za kondo huficha alama nyingi za baba na kuonyesha alama ya amani. Nao askari walio karibu husaidia kupanua mishipa ya damu ya mama, mtoto apate chakula.

Mishipa hiyo isipopanuka vema, shinikizo la damu la mama laweza kupanda, hata kuwaua wote wawili. Basi, sisi akina baba, tusichelewe kumpeleka mke mwenye mimba kupimwa. Mwili wake umempokea mgeni wetu. Nasi tumlinde mwenyeji.