Viboko Mbele ya Mahakama

Hapa kwetu Namanyere yowe likipigwa usiku, watu hutoka. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya mwaka 1985 yampa raia uwezo wa kumkamata atendaye kosa mbele yake, mradi amfikishe polisi bila kukawia. Mara nyingi twajiuliza kama mkamatwa atafika akiwa mzima.

Tarehe 14 Machi 1907, mjini Nairobi, mlowezi Ewart Grogan na wenzake waliwaleta Wakikuyu watatu, wavuta riksho, hadi mbele ya mahakama. Walidaiwa kuwakosea adabu wanawake wa Kizungu. Hawakuletwa kushitakiwa, bali kuchapwa viboko hadharani. Hakimu alikataza (angalau huyo alikuwapo), asisikilizwe.

Habari zikavuma hata London. Magazeti yakaandika, na Bungeni Winston Churchill, naibu waziri wa makoloni, akaulizwa maswali. Grogan akashitakiwa. Lakini na tulitazame shitaka lenyewe: si la kuwapiga watu, bali la kusanyiko lisilo halali. Akapewa kifungo cha mwezi mmoja na faini ya rupia 500. Yaani kilichohesabiwa ni utulivu wa mji. Migongo ya wale watatu haikuhesabiwa. Jina la Grogan lasimuliwa hata leo; majina yao ni nadra kutajwa.