Vitanda vya Mfumi vya Bauhaus

Mwezi wa Aprili, 1919, miezi michache baada ya Ujerumani kushindwa vita na kumpoteza Kaizari wake, msanifu wa majengo Walter Gropius alifungua katika mji wa Weimar chuo kipya kilichoitwa Bauhaus. Tangazo lake lilisema kwamba hapana tofauti ya asili kati ya msanii na fundi, na kwamba chuo kitampokea kila mtu mwenye sifa njema, bila ya kujali umri wala jinsia. Wanawake waliyasadiki maneno hayo. Walikuja kwa wingi, hata katika muhula wa kwanza idadi yao ikawazidi wanaume kidogo. Hapo ndipo waliotangaza usawa walipoingiwa na wasiwasi. Mwaka wa 1920 Gropius mwenyewe alilishauri baraza la walimu kwamba uchaguzi wa wanafunzi uwe mkali zaidi, hasa kwa wanawake, na waliokwisha kuingia wakaelekezwa kwenye karakana ya ufumaji. Useremala, uchongaji na uhunzi vilibaki, kwa jumla, kuwa milki ya wanaume.

Kwa hiyo karakana iliyokuja kuwa na utafiti mkubwa kuliko nyingi za chuo hicho ilianza kama mahali pa kuwaweka watu wasiotakiwa kwingine. Anni Fleischmann, aliyezaliwa Berlin mwaka wa 1899 na kujulikana baadaye kwa jina la mumewe, Josef Albers, alitaka kazi ya vioo. Alipoambiwa afume aliona uzi kuwa kitu dhaifu, cha kuchezewa na mabinti wa nyumbani. Ilimchukua muda kubadili fikira hiyo.

Vifaa navyo havikuwa vya kujivunia. Vitanda vya mfumi vya Weimar vilikuwa mali ya mwalimu wa kazi za mikono, Helene Börner, ambaye alijua mambo ya zamani lakini hakuwa na la kuwaambia wanafunzi waliotafuta mapya. Msimamizi wa sanaa, mchoraji Georg Muche, hakupenda kushika uzi. Basi wanafunzi walijifundisha wenyewe. Gunta Stölzl, mzaliwa wa Munich wa mwaka wa 1897, pamoja na mwenzake Benita Otte, walikwenda Krefeld, mji wa viwanda vya hariri, kujifunza kutia rangi mwaka wa 1922, na wakarudi tena mwaka wa 1924 kujifunza zaidi habari za ufumaji. Waliyoyapata waliwafundisha wenzao. Hao waliokwenda kama wanafunzi walirudi walimu, ingawa hapakuwa na mtu aliyewapa cheo hicho wala mshahara wake.

Mwaka wa 1925 chuo kilihamia Dessau, na mwaka uliofuata kikapewa hadhi ya chuo cha elimu ya juu cha ubunifu. Muche alinunua mashine za jacquard bila ya kuwaridhisha wafumaji. Ugomvi ukazuka, na mwaka wa 1927 aliondoka, Stölzl akashika uongozi kamili wa karakana. Chini yake ufumaji ulipata mtaala: jinsi mtande na mshindio vinavyofungamana, tabia za kila malighafi, rangi na dawa zake, hesabu ya gharama, na kazi ya kitanda cha mkono kabla ya ile ya mashine. Mtu aweza kuuliza: katika nchi yenye viwanda vingi namna ile, kitanda cha mkono kilikuwa na faida gani? Jibu la Dessau lilikuwa kwamba mashine hurudia upesi lililokwisha kujulikana, lakini mkono huweza kusimama katikati ya safu, kubadili uzi mmoja, na kutazama litakalotokea. Kitanda kile kilikuwa kwao chombo cha majaribio, kama mizani na chupa kwa mkemia.

Mfano ulio bora ni nguo ya Bernau. Hannes Meyer, mkurugenzi wa pili wa Bauhaus, alikuwa akijenga karibu na Berlin shule ya shirikisho la vyama vya wafanya kazi, na ukumbi wake ulikuwa na kasoro ya mwangwi. Desturi ya siku zile ilikuwa kutundika mahameli ukutani. Mahameli hunyonya sauti, lakini yakiwa ya rangi nyeupe huchafuka upesi, na yakiwa ya rangi nzito hutia giza. Anni Albers alifuma kitambaa chenye tabia mbili. Upande wa nyuma alitumia shenili, uzi wenye manyoya laini, ili uimeze sauti; upande wa mbele alitia selofani, ili uurudishe mwanga ukumbini. Kampuni ya Zeiss Ikon ilikipima kitambaa hicho na kuuthibitisha uwezo wake wa kurudisha nuru. Kwa kazi hiyo Albers alipata stashahada yake mwaka wa 1930. Hapana ua wala nakshi katika nguo ile. Uzuri wake wote ulitokana na kazi iliyopewa kuifanya, na hapana shaka kwamba tasnifu nyingi zilizopigwa chapa kwa kurasa mia tatu zimethibitisha machache kuliko hayo.

Mwaka huo huo wa 1930 chuo kilifanya mkataba na kampuni ya Polytextil ya Berlin, ili vitambaa vilivyobuniwa karakanani vifumwe kiwandani na kuuzwa. Lakini vilitoka kwa jina la Bauhaus, na mkono uliovibuni haukutajwa. Aliyelikataa jambo hilo kwa uthabiti kuliko wengine ni Otti Berger. Alizaliwa mwaka wa 1898 huko Zmajevac, katika nchi ambayo leo ni Kroatia, na maradhi yalimwachia usikivu hafifu. Yamkini ndiyo sababu alishika sana habari ya vidole. Mwaka wa 1928 alitengeneza ubao wa pembetatu za nyuzi za namna mbalimbali zilizofungwa juu ya wavu wa chuma, ili mtu ajifunze kuzitambua kwa kupapasa. Na baadaye aliandika kwamba kitambaa hakieleweki kwa macho peke yake.

Stölzl aliondoka mwaka wa 1931. Mwaka wa 1929 alikuwa ameolewa na mwanafunzi Myahudi kutoka Palestina, Arieh Sharon, yule ambaye katika miaka ya 1960 alisanifu majengo ya Chuo Kikuu cha Ife, Nigeria. Kwa ndoa hiyo alipoteza uraia wa Ujerumani, na chuki za siasa ziliungana na fitina za chuoni kumchosha. Alihamia Zurich akafuma huko miaka mingi. Chuo chenyewe kilifungwa mwaka wa 1933, Wanazi walipotwaa serikali. Albers na mumewe walialikwa Black Mountain College, katika jimbo la North Carolina, Marekani. Huko aliwafundisha wanafunzi kutumia kitanda kifungwacho mgongoni, kama walivyotumia wafumaji wa kale wa Peru, ambao aliwaita walimu wake wakuu. Mwaka wa 1949 nguo zake zilionyeshwa katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York.

Berger alibaki. Alifungua karakana yake Berlin, akadai herufi za jina lake ziandikwe pamoja na vitambaa vyake, na mwaka wa 1934 akapata Ujerumani hati ya haki ya uvumbuzi kwa ufumaji wa kitambaa cha viti. Mwaka wa 1936 alikatazwa kufanya kazi kwa kuwa Myahudi. Alikwenda London, ambako ugeni na uziwi vilimpunguzia riziki. Chicago alikuwa na ahadi ya kazi ya ualimu, lakini mwaka wa 1938 mama yake aliugua, akarudi Zmajevac kumwuguza, na ruhusa ya kuingia Marekani haikuja. Mwaka wa 1944 yeye na jamaa zake walipelekwa Auschwitz wakauawa.

Ule ubao wake wa nyuzi umehifadhiwa Berlin, katika hazina ya kumbukumbu za Bauhaus. Wageni hawaruhusiwi kuugusa.