Mwingiliano na uingiliaji

mwingiliano nm [u-/i-] 1 hali ya vitu viwili au zaidi kuingiana na kuathiriana: *mwingiliano wa lugha*. 2 (fizikia) kujumlishana kwa mawimbi yanapokutana mahali pamoja, yakakuzana au yakafifishana.

uingiliaji nm [u-] 1 kitendo cha kuingia katika jambo la mwingine bila kutakiwa: *uingiliaji wa uhuru wa mahakama*. 2 (mawasiliano) kupenya kwa mawimbi ya chombo kimoja katika chombo kingine na kukivuruga.

Maneno haya hubadilishana nafasi katika tafsiri nyingi. Katika habari za kila siku jambo hilo halina madhara makubwa, kwani msomaji husaidiwa na muktadha. Katika matini ya kiufundi, hata hivyo, kuchagua neno lisilofaa huweza kuyageuza maelekezo yakawa kinyume cha yalivyokusudiwa.

Uundaji

Maneno yote mawili yametokana na kitenzi *ingia*. Kauli ya kutendea, *ingilia*, ina pande mbili zisizo sawa: mmoja ameingia, mwingine ameingiwa, na huyu wa pili hakuomba. *Ingiliana* huongeza kiambishi *-an-* cha kutendana, na hapo pande zote huwa sawa; hakuna mwenyeji wala mvamizi. Tofauti hiyo ya kisarufi ndiyo msingi wa tofauti ya istilahi.

Mfano wa ziwani

Jijini Mwanza, mtu akisimama karibu na gati la Kamanga huweza kuyaona mawimbi ya kivuko yakikutana na mawimbi ya mtumbwi. Kilele kikikutana na kilele, maji huinuka zaidi. Kilele kikikutana na bonde, maji hutulia kwa muda. Kisha kila wimbi huendelea na safari yake kama kwamba halikukutana na jingine. Huo ni mwingiliano. Hakuna kilichoharibika, na hakuna wa kulaumiwa.

Redio hutoa mfano wa pili. Radio Free Africa ya Mwanza ilijulikana kando ya Ziwa Viktoria kwa matangazo yake ya mawimbi ya kati katika kilohezi 1377. Masafa ya kituo chochote huzalishwa na oskileta, yaani sakiti inayotetema kwa kasi isiyobadilika. Usiku mawimbi ya kati huakisiwa na tabaka za juu za angahewa na kufika mbali sana, hata kituo cha nchi nyingine huweza kusikika juu ya kituo cha nyumbani. Iwapo oskileta moja inatetema kwa kilohezi 1377 na nyingine imepotoka kwa hezi 400 tu, sikio halitasikia masafa hayo makubwa. Litasikia tofauti yake, yaani mluzi wa hezi 400 unaopita katikati ya taarifa ya habari. Mluzi huo ni uingiliaji, kwa sababu msikilizaji alifungua kituo kimoja na kingine kikapenya bila kuitwa.

Mpenda usahihi ataona kuwa mluzi wenyewe huzaliwa mawimbi mawili yanapokutana ndani ya redio. Ni kweli. Istilahi hizi hazitenganishi aina mbili za mawimbi. Hutenganisha tukio la kifizikia na athari yake kwa kazi iliyokusudiwa.

Pale maneno yote mawili yanapohitajika

Mtihani mgumu zaidi kwa mfasiri ni intaferometa ya leza. Mitambo ya LIGO nchini Marekani, iliyoko Hanford na Livingston, ndiyo iliyonasa mawimbi ya mvutano kwa mara ya kwanza tarehe 14 Septemba 2015. Katika kila mtambo mwanga wa leza hugawanywa, husafiri katika mikono miwili yenye urefu wa kilomita 4, kisha hurudi na kukutana. Mkono mmoja ukirefuka kidogo kuliko mwingine, mwingiliano wa miale hubadilika, na badiliko hilo ndilo kipimo. Bila mwingiliano hakuna chombo.

Ili kuudhibiti mtambo, mwanga huo hutiwa mitetemo ya masafa ya redio. Miwili kati ya mitetemo hiyo ni ya takriban megahezi 9 na megahezi 45, wa pili ukiwa mara tano ya wa kwanza. Zipo pia oskileta ambazo masafa yake hupanda na kushuka kwa kuongozwa na volteji. Masafa ya oskileta ya namna hiyo yakikaribia masafa ya ishara nyingine iliyovuja kwenye nyaya, tofauti yake hushuka hadi kiwango cha masikio ya binadamu, na mluzi huonekana katika data. Ni mluzi uleule wa redio ya usiku. Madhara yake ni makubwa, kwani mawimbi ya mvutano hutafutwa katika kiwango hichohicho, kuanzia makumi ya hezi hadi hezi elfu chache.

Wahandisi hujikinga kwa kuzalisha masafa kadhaa kutoka oskileta moja ili yasipotoke kila moja kivyake. Kwa kuyapanga ili tofauti zake zisiangukie katika eneo la kipimo. Na kwa kuzifunika nyaya na sakiti kwa metali.

Linganisha sasa sentensi hizi:

*Masafa ya oskileta yapangwe ili kuondoa mwingiliano.* ✗
*Masafa ya oskileta yapangwe ili kuondoa uingiliaji.* ✓

Sentensi ya kwanza humwagiza fundi aondoe jambo lilelile ambalo intaferometa ilijengwa ili kulipima.

Masafa na umbali

Tahadhari ya pili huhusu neno *masafa*, lenye asili ya Kiarabu na maana ya kwanza ya umbali: *mbio za masafa marefu*. Maana ya idadi ya mitetemo kwa sekunde ilikuja na redio. Kwa mtangazaji maana hizi hazigongani. Kwa intaferometa zinagongana, kwani chombo hicho hupima badiliko la urefu kwa kutumia mwanga wenye masafa maalumu. *Badiliko la masafa* laweza kusomwa kwa njia mbili. Katika matini ya namna hiyo *masafa* libaki kwa mitetemo, na *umbali* au *urefu* litumike kwa nafasi. Wapo pia wanaotumia *marudio* kwa mitetemo. Linafaa, mradi mwandishi asichanganye maneno hayo mawili katika matini moja.

Pendekezo

Katika habari na mazungumzo, *mwingiliano wa masafa* kwa maana ya vituo kuvurugana umekwisha kuzoeleka, na si kosa. Katika vitabu vya fizikia, miongozo ya mitambo na mitihani, *mwingiliano* litumike kwa mawimbi kujumlishana, na *uingiliaji* kwa mawimbi kuvamia. Mfasiri akiwa na shaka, na ajiulize swali moja: je, jambo hili likiondolewa, kazi itafanyika vizuri zaidi au itakoma? Ikiwa itakoma, neno ni *mwingiliano*.

*Tazama pia:* masafa, mawimbi, mluzi, oskileta, -an- (kauli ya kutendana).