Umenunua nduthi ya mtumba? Uliza kwanza rimoti ya pili iko wapi

Dili imeiva. Nduthi umeipiga raundi ya mtaa, injini inanguruma poa, bei mmeskizana, na jamaa anakurushia ufunguo mmoja na karimoti keusi kamechakaa hadi alama za vitufe zimefutika. "Hiyo ni ya alamu, iko sawa." Unatia mfukoni, unatoka na furaha. Lakini kuna swali haujauliza, na lina uzito kushinda lile la inakunywa mafuta kiasi gani: rimoti ya pili iko wapi?

Alamu za nduthi kwa kawaida huuzwa na rimoti mbili kwa boksi. Ukipewa moja, ile ingine iko kwa droo ya mtu ama kwa mfuko wa mtu. Na alamu yenyewe haijui ati nduthi imebadilisha mwenyewe. Haisomi logbook. Inachojua ni misimbo iliyosajiliwa kwa memori yake, na mwenye rimoti yoyote iliyo kwa hiyo orodha ndiye mdosi. Ule msee alikuuzia, ama yule aliyemuuzia yeye mwaka juzi, anaweza simama ng'ambo ya barabara, abonyeze, na nduthi yako imlilie ti-ti kumkaribisha.

Tuelewane kitu kimoja kabla tuendelee, ju watu huchanganya. Kuna mifumo mitatu tofauti na yote mtaani inaitwa "alamu". Hizi Boxer, TVS na ndugu zao za boda nyingi hutoka kiwandani na ufunguo wa kawaida tu, chuma tupu. Rimoti unayopewa iliwekwa baadaye na fundi. Bike kubwa za kuagizwa kutoka majuu mara nyingi ziko na imobilaiza ya kiwanda, yaani ufunguo una chipu ndani. Alafu kuna zile hazidungwi ufunguo kabisa, unatembea na fobu mfukoni na bike inakutambua. Tuanze na ile ya fundi ju ndiyo iko na wengi.

Alamu ya fundi

Ukifungua kiti utaipata: kaboksi keusi kamefungwa na raba ya tubu, waya zikitoka kama matumbo. Waya moja inavuta stima moja kwa moja kutoka betri, ingine inaenda graundi, kadhaa zinaingia kwa indiketa na king'ora, na zile za maana zinaingia kwa swichi na kwa njia ya stima ya plagi. Ndani kuna sensa ya mtikisiko na kipokezi cha redio. Ukibonyeza rimoti inatuma msimbo kwa mawimbi ya redio, mara nyingi megahezi 433.92 ama 315, na boksi ikiutambua inatii. Nduthi ikiwa imefungwa na mkora ajaribu kuiwasha, stima ya plagi inakatwa. Anaweza piga kiki hadi asubuhi.

Sasa msimbo wenyewe ndio ngori. Rimoti za bei ya chini hutuma msimbo ule ule kila ukibonyeza. Hiyo ni kama kupiga nduru PIN yako ya M-Pesa ukiwa steji: mtu ako na kifaa cha kunasa, hata zile rimoti za kunakili za mageti, anauchukua mara moja na imeisha. Zile bora hutumia msimbo unaobadilika. Kila ukibonyeza namba ni mpya, na boksi inakataa ya zamani. Ukienda kununua alamu Kirinyaga Road, hilo ndilo swali la kuuliza. King'ora chenye sauti sita ni urembo tu.

Alamu nyingi pia ziko na ile ya kuzuia kuporwa. Mwenye rimoti anabonyeza na injini inazima hata kama nduthi inatembea. Wazo ni kwamba ukinyang'anywa, mwizi akwame mbele. Poa sana, lakini weka hiyo nguvu kwa mkono wa mtu hamjuani, na wewe uko Thika Road katikati ya lori na matatu. Hata bila mtu mbaya, rimoti ikibanwa na simu ndani ya jinzi inaweza jibonyeza yenyewe, kwa hivyo itundike mahali haitabanwa. Usiingiwe na wasiwasi wa bure pia: rimoti hizi hufika makumi ya mita, hakuna mtu atakuzima akiwa Kisumu na wewe uko Umoja. Mwenye anajua pahali unapaki usiku ndiye wa kufikiria.

Dawa ni kufuta orodha. Boksi nyingi ziko na njia ya kusajili rimoti upya, kitufe kidogo kwa boksi ama mpangilio fulani wa kuwasha swichi na kubonyeza, kila kampuni na yake. Chunga hapo: kwa boksi nyingi kuongeza rimoti mpya hakutoi ya zamani. Mwambie fundi afute zote kwanza, ndio asajili zako. Na ushahidi pekee wa kuamini ni kuchukua ile rimoti ya zamani, kuibonyeza, na nduthi ikunyamazie. Kama muuzaji anaapa ile ya pili ilipotea na fundi hajui kufuta, mimi naona ung'oe boksi yote uweke mpya, upate rimoti mbili zako. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na nduthi nzima.

Ukishafungua hapo chini ya kiti, angalia viungo vya waya. Fundi wengi husokota tu waya na kuzungusha selotepu nyeusi. Mvua ikinyesha, ama ukiosha nduthi kwa pampu ya presha, maji yanaingia, shaba inaota kutu ya kijani, na nduthi inaanza kuzima-zima bila sababu. Wasee wameuziwa CDI mpya na koili mpya kwa shida ambayo ilikuwa kiungo kimoja cha alamu. Kagua hapo kwanza. Kiungo kizuri kimechomelewa kwa risasi na kuvikwa mpira.

Kuna pia hii ya betri. Alamu hailali, inaskiza rimoti usiku na mchana. Tuseme inakula miliampea 10 tu. Kwa siku 30 hiyo ni ampea-saa 7.2, na betri iliyoandikwa 12V 7Ah imeisha kabisa. Kwa hivyo ukienda ushago mwezi mzima ukarudi nduthi imekufa, si lazima betri ni mbovu. Chomoa waya ya hasi ukisafiri. Na kama ni rimoti yenyewe inafika karibu kuliko zamani, badilisha kabetri kake kabla ulaumu boksi. Zile ndefu nyingi hutumia 23A ama 27A za volti 12, zile bapa CR2032 ya volti 3. Fungua usome.

Bike za majuu

Hapa ufunguo ndio rimoti. Ndani ya plastiki ya kichwa chake kuna chipu ndogo haina betri. Ukidunga, koili iliyozunguka swichi inaipatia nguvu, chipu inajitaja, na ubongo wa injini ukiitambua ndio injini inashika. Kuchongesha ufunguo kwa fundi wa kufuli utapata chuma inayozungusha swichi na kuwasha taa, lakini injini haishiki.

Kwa Yamaha zenye imobilaiza, bike mpya hutoka na funguo tatu: mbili nyeusi za kila siku na moja nyekundu. Ile nyekundu si ya kuendesha, ni ya kusajili zingine. Muuzaji akikosa nyekundu, nyeusi bado zinawasha, lakini siku utahitaji ufunguo mwingine hautaweza kuusajili, na kitabu cha Yamaha kinasema mfumo wote wa imobilaiza ubadilishwe. Hapo si kukosa ka-ufunguo tu, hapo ni punguzo la maana kwa bei, ama uachane nayo.

Honda wanaiita HISS, na haina nyekundu. Inashika hadi funguo nne. Ukipeleka kwa mwenye vifaa vya kusajili, zote zinafutwa isipokuwa ile imedungwa kwa swichi, kisha zako zinasajiliwa upya, kwa hivyo yule ako na ufunguo wa zamani anabaki na chuma ya mapambo. Lakini zikipotea zote, ni kubadilisha ECU. Ukitesti, washa swichi uangalie taa ya HISS: inawaka sekunde kadhaa inazima. Ikibaki imewaka, ufunguo haujatambuliwa. Na usiweke funguo mbili za chipu kwa mnyororo mmoja, ju zinaingiliana na bike inakataa kushika bila kosa lolote.

Zile za fobu, kama Honda PCX za karibuni, huja na kakibao ka namba ya kitambulisho. Betri ya fobu ikikufia mbali, hiyo namba ndiyo ya kuokoa kwa njia ya dharura. Lidai, ulipige picha, na usiliache chini ya kiti, ju kiti chenyewe hufunguliwa na huo mfumo.

Rimoti ambayo hauoni

Nduthi iliyochukuliwa kwa mkopo mara nyingi huwekwa traka imefichwa ndani, na baadhi zinaweza zimwa na mkopeshaji akiwa ofisini kwake. Muuzaji akikuambia "logbook iko kwa kampuni lakini usijali", jali. Ukimlipa na yeye hajamaliza deni, nduthi itafuatwa hadi kwa keja yako.

Fanya utafutaji wa namba ya nduthi kwa akaunti ya NTSA kupitia eCitizen, uone jina la mwenyewe, na ulinganishe namba ya chasisi na ile imechongwa kwa shingo ya usukani. Uhamisho wa umiliki unaanzishwa na muuzaji kwa akaunti yake, wewe unaukubali kwa yako. Sheria ya trafiki inakupa siku 14 za kuendesha kabla iwe kwa jina lako.