Fahali Wawili Katika Zizi Moja: Historia Fupi ya Ugomvi Ndani ya Kompyuta Kuukuu

Ndugu msomaji, huenda shuleni kwako, ofisini kwako au chini ya kitanda nyumbani kwako ipo kompyuta kuukuu ambayo watu walishaihukumu kuwa imekufa. Mtu fulani alijaribu kuiwekea Linux, mfumo endeshi usiolipiwa, nayo ikaganda katikati ya kazi, au ikawaka bila sauti, au ikashindwa kuutambua mtandao. Hukumu ikatolewa: ni mbovu, itupwe. Leo nakualika tuisome historia ya hukumu hiyo. Mara nyingi mashine ya namna hiyo haina hata kifaa kimoja kilichoharibika. Ina vifaa viwili vizima vinavyogombea nafasi moja, na jinsi ugomvi huo ulivyosuluhishwa ni somo la uraia.

Tuanze na namna vifaa vinavyowasiliana. Ndani ya kompyuta kuna kichakataji kinachofanya kazi kuu ya hesabu. Kibodi, diski, kadi ya sauti na kadi ya mtandao vinakizunguka. Kifaa kikiwa na habari, hakisubiri kuulizwa, bali hupiga hodi. Hutuma ishara ya umeme kupitia mstari wenye nambari yake, na kichakataji huacha kwa muda kazi kilichokuwa nayo ili kimsikilize mgeni. Hodi hiyo huitwa ukatizaji.

Kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ya binafsi mwaka 1981, mistari ya hodi ilikuwa 8 tu. Mwaka 1984, katika modeli iliyoitwa AT, iliongezwa ikawa 16, lakini mmoja ulitumika kuunganisha fungu jipya na la zamani, ikabaki 15. Hata hiyo 15 haikuwa huru yote. Saa ya ndani ilishika nambari 0, kibodi nambari 1, kisomaji cha disketi nambari 6 na diski kuu nambari 14. Vifaa vingine vyote ambavyo mtu angenunua baadaye vilipaswa kugawana masalio.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Kila mtengenezaji wa kadi alijichagulia nambari aliyoona inafaa. Mnunuzi aliweza kuibadilisha kwa kuhamisha kibanio kidogo juu ya kadi, lakini hapakuwa na daftari la kumwonyesha nambari ipi ina mwenyewe. Kadi nyingi za mtandao za aina ya NE2000 zilikuja zikiwa zimepangwa kwenye nambari 3, ambayo tayari ilikuwa ya tundu la pili la mawasiliano. Kadi za sauti za Sound Blaster zilitumia 5 au 7, na 7 ilikuwa ya tundu la printa. Tundu la kwanza na la tatu la mawasiliano yote yalipewa nambari 4. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na kipanya kwenye la kwanza na modemu kwenye la tatu aliona kipanya kikiganda mara modemu inapoanza kupiga simu. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Katika mashine hizo, mafahali waliingizwa zizini na watu wasiojuana.

Katika hali hiyo ndipo Linux ilipozaliwa. Mwezi Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, aliwatangazia wenzake kwamba anaandika mfumo endeshi wa kujifurahisha kwa ajili ya kompyuta zenye kichakataji cha 386. Alikiri kwamba unaweza kutumia diski za aina ya AT peke yake, kwa kuwa hizo ndizo alizokuwa nazo. Mwaka 1992 aliuweka chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu kila mtu kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Tangu hapo kila aliyekuwa na kifaa tofauti aliweza kuandika programu ya kukiendesha na kuwapa wengine. Donald Becker, aliyefanya kazi katika shirika la NASA la Marekani, aliandika programu za namna hiyo kwa kadi nyingi za mtandao.

Msomaji, usidhani kwamba uwazi huo ulimaliza ugomvi mara moja. Linux ilipokuwa ikiwaka, ilipita mlango kwa mlango ikichungulia ni kadi gani inayokaa wapi. Kadi nyingine zilivurugwa na kuchunguliwa huko, na mashine nzima ikaganda. Ilibidi mwenye kompyuta aiandikie Linux amri kabla haijawaka, akiikataza kugusa eneo fulani. Tofauti ni kwamba sasa mambo yalikuwa na kumbukumbu. Mfumo uliweka daftari la wazi, faili liitwalo /proc/interrupts, linaloonyesha kila nambari, mwenyewe, na hodi ngapi zimekwisha kupigwa. Yeyote aliyetaka kusuluhisha aliweza kusoma kwanza kabla ya kumlaumu mtu.

Hatua ya pili ilikuwa kubadili sheria yenyewe. Kuanzia mwaka 1992 kampuni ya Intel ilileta mpangilio mpya wa kuunganisha kadi, uitwao PCI, ambao uliruhusu vifaa kadhaa kutumia mstari mmoja bila kuharibiana. Hodi ikisikika, kiini cha Linux huiuliza kila programu inayohusika na mstari huo: je, ni mgeni wako? Yenye mgeni hujibu ndiyo, nyingine hujibu siyo. Uhaba haukuisha, lakini watu walipata utaratibu wa kuishi nao.

Hata hivyo kuna hali moja ambayo utaratibu huo hauwezi kuitatua, nayo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Ikiwa kifaa kinapiga hodi na kila programu inasema siyo wangu, kiini huendelea kuhesabu. Katika hodi 100,000, zikiwa zaidi ya 99,900 hazina mwenyewe, huufunga mstari huo na kuandika ujumbe ambao kwa Kiswahili maana yake ni: hakuna aliyejali. Mstari ukifungwa, hata kifaa kisicho na kosa kinachoutumia hunyamazishwa. Jirani huponzwa na asiyewajibika. Ujumbe huo huja kwa Kiingereza, na wengi wetu huupita bila kuuelewa. Ndiyo maana naithamini kazi ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004. Daftari la wazi lililoandikwa kwa lugha usiyoisoma limefunguliwa nusu tu.

Basi ukikutana na kompyuta ya namna hiyo, usianze na hukumu. Izime, uondoe kadi zote zisizo za lazima, kisha uweke Linux. Rudisha kadi moja moja, na kila mara usome daftari lile. Ingia kwenye mipangilio ya awali ya mashine na ufunge matundu yasiyotumika, kwa maana tundu tupu nalo hushikilia nambari ambayo mwingine anaihitaji. Ujumbe wa kutojaliwa ukitokea, iwashe upya kwa amri ya irqpoll, ambayo hukifanya kiini kiulize programu zote, hata zile za mistari mingine.

Wala Linux haihifadhi kila kitu milele. Mwaka 2013, katika toleo la 3.8, iliacha kukihudumia kichakataji cha 386, kile kile ilichozaliwa nacho, kwa sababu kukitunza kulikuwa mzigo na watu waliobaki kukihitaji walikuwa wachache mno. Mali ya umma huishi kadiri wapo watu wanaoitunza. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kisima cha kijiji, maktaba ya shule na daftari la wapiga kura. Kabla hujakubali kompyuta ile itupwe, uliza kwanza ni nani aliyelisoma daftari lake. Ikiwa hakuna, anza wewe.