Kanisa la Watoro: Tarehe ya Rabai na Frere Town

Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa na kushika njia ya Malindi, punde si punde unafika Kengeleni. Kengele yenyewe ingalipo, imetundikwa juu ya nguzo zake za mawe kando ya barabara, matatu zikipita siku kutwa. Iliwekwa hapo ili ilie pindi wateka watu wanapoonekana, na aliyeko shambani na aliyeko pwani wapate kukimbilia salama. Hapo karibu lipo Kanisa la Emmanuel. Mji uliozunguka kengele na kanisa uliitwa Frere Town, jina la Mwingereza Sir Bartle Frere, ambaye hakuwahi kuishi hapo. Walioishi humo na kuujenga ni watu waliouzwa.

Ila tarehe hii haianzii Kisauni, ulipo mji huo. Inaanzia Rabai, juu ya vilima, ambako wamisionari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walifungua kituo cha misheni mwaka 1846. Krapf aliondoka mwaka 1853. Rebmann akabaki hadi 1875, na miaka yake ya mwisho alikuwa kipofu. Kazi yao katika lugha ni kubwa, nasi tunaoandika Kiswahili bado tunakula matunda yake, lakini waumini wao walihesabika kwa vidole. Warabai waliwatazama, wakawasikiliza kwa adabu, wakaendelea na mila zao.

Waliolijaza kanisa lile walitoka mbali. Mwaka 1864 waliletwa Rabai vijana Waafrika kutoka Bara Hindi, miongoni mwao William Jones, George David na Ishmael Semler. Walikuwa wametekwa utotoni, wakapakiwa majahazini, kisha wakaokolewa baharini na manowari za Kiingereza na kupelekwa Bombay. Walilelewa na kusomeshwa huko Sharanpur, karibu na Nasik. Waliporudi pwani ya Afrika walikuwa na Biblia, elimu na ufundi, tena walijua mnyororo ni kitu gani. Ni jambo hilo la mwisho lililoamua yote yaliyofuata.

Mwaka 1873 Frere alifika Unguja kumshurutisha Sultani Barghash, na mwezi Juni mkataba ukatiwa saini na soko la watumwa likafungwa. Waliookolewa baharini walihitaji mahali pa kuishi. Mchungaji William Salter Price, aliyewalea vijana wale huko Sharanpur, alifika Mombasa mwishoni mwa 1874, ardhi ikanunuliwa Kisauni, na mwaka 1875 manowari zikaanza kushusha watu. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, wengi wakiwa watoto, hakuna aliyejua lugha ya jirani yake. Kiswahili kikawa lugha ya sala, ya shule, ya shamba na ya kuchumbiana. Walihamia pia baadhi ya wale vijana wa Nasik walioibeba maiti ya mpelelezi Livingstone hadi pwani: Jacob Wainwright alifika, na Matthew Wellington aliishi Mombasa hadi alipofariki mwaka 1935.

Hapo ndipo palipozuka mgogoro wenyewe. Misheni ilikubaliwa kuwapokea walioletwa na manowari. Mtumwa aliyemtoroka bwana wake wa Mombasa au Takaungu alikuwa bado mali ya mtu kwa sheria ya nchi, na wakubwa wa misheni walionywa wasimguse. Watoro hawakuisubiri sheria. Walikuja usiku, mmoja mmoja, halafu jamaa nzima na mizigo yao. Mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kuivamia Frere Town na kuiteketeza. Huko bara, Fuladoyo, Wakristo Wagiriama walikuwa wamefungua kijiji chao cha watoro bila kumngoja Mzungu yeyote. Kiongozi wao, David Koi, alikamatwa na kuuawa. Wengi humhesabu kuwa shahidi wa kwanza wa imani katika Kenya. Njaa ilipopiga pwani mwaka 1884, wenye njaa wa Kimijikenda nao walikimbilia vituo vya misheni.

Tusiipake rangi tarehe hii. Ndani ya Frere Town yenyewe, miaka ya mwanzo ya 1880, msimamizi mmoja Mwingereza aliwachapa viboko na kuwafunga watu walioambiwa kwamba wako huru, hadi uchunguzi ulipofanywa na akaondolewa. Mtu alitoka kwenye kiboko kimoja akakutana na kingine, na safari hii kimeshikwa na mwalimu wa dini. Ni aibu, na mwandishi yeyote wa habari za mji huu anawajibika kuitaja.

Rabai ilikuwa mikononi mwa William Jones, na kwa Jones mlango haukufungwa. Mei 1885 Askofu James Hannington alimpa ushemasi, yeye pamoja na Semler. Miezi miwili baadaye Hannington alianza safari ya Buganda, akamchukua Jones. Askofu alitangulia na watu wachache, akauawa Busoga mwezi Oktoba. Jones ndiye aliyewarudisha waliosalia, mamia ya maili kwa miguu. Februari 1886 msafara uliingia Rabai ukiwa na bendera ya buluu, juu yake herufi nyeupe zimeshonwa: ICHABOD, yaani utukufu umeondoka.

Jones akarudi kwenye kazi yake na watoro wakazidi. Wakubwa wa misheni waliwaambia mabalozi wa Kiingereza kwamba hakuna watoro misheni. Price alirudi kutoka Uingereza mwaka 1888, akahesabu watu, akakuta mamia. Waliishi humo, walilima, waliozana, walisali, na makasisi wa Kizungu hawakuwa wamewauliza walikotoka. Wenye mali walidai warudishwe. Hatimaye George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki akakubali kulipa, riale 25 kwa kila kichwa, kwa watoro wapatao 1,400 wa vituo vyote. Tarehe 1 Januari 1889, Rabai, hati za uhuru ziligawiwa. Vitabu vingi vinamsifu Mackenzie kwa siku ile. Alistahili shukrani. Lakini fedha zake zilikuta watu wamekwisha kuhifadhiwa kwa miaka, na aliyewahifadhi alikuwa mtu aliyeuzwa utotoni. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907 tu.

Yaliyobaki yanaelezeka kwa ufupi. Wamisheni, kama walivyoitwa watu wa Frere Town na Rabai, walikuwa walimu, makarani na mafundi wa Mombasa na Nairobi. Chuo cha theolojia kilichofunguliwa Frere Town mwaka 1903 kilihamishiwa Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha St Paul's. Kutoka mji huu alitoka James Juma Mbotela, mwana wa mtumwa aliyeachwa huru, aliyeandika Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Jamaa yake, Leonard Mambo Mbotela, alisikika redioni kwa miongo mingi na kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana?, hadi akafariki Februari 2025. Kitabu cha James kinawashukuru mno Waingereza, na wasomi wa pwani wamekilaumu kwa haki. Hata hivyo, bila kitabu hicho tusingekuwa na sauti ya wenyewe katika habari zao.

Wazee wa Kisauni na Rabai wanaozijua nasaba hizi wanapungua kila mwaka. Wajukuu zao, na walimu wa historia wa Mombasa na Kilifi, waketi nao wakaandike majina sasa. Na atakayeiandika upya tarehe hii asianze na Frere. Aanze na Rabai, na jina la kwanza liwe William Jones.